Pesa Iliyofika Bila Salamu

Kwako Baba Atu,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu faraghani hupatikani. Namba yako ya zamani imekufa, mpya hukunipa. Barua hii namkabidhi Mussa, yule dereva wa Tanga anayekula kwangu kila lori lake likikwama kwenye foleni ya mpakani, aitupie kwenye kundi lenu la madereva. Watakusoma wengi kabla hujajisoma mwenyewe. Na iwe hivyo.

Nina habari ya mama yako. Sitaitanguliza, kwa sababu na wewe hukumtanguliza. Utaifikia kwa kusubiri, kama yeye alivyokuwa anakusubiri.

Siku uliyoiweka ile mitambo yako naikumbuka kuliko siku ya ndoa yetu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tuko chumbani kwetu pale Sogea, Tunduma, mvua inapiga bati hata redio haisikiki. Asubuhi yake jirani wa mama kule kijijini Ibaba, Ileje, alikuwa amepiga simu. Mwezi ule ulisahau kumtumia pesa, safari za Lusaka zilikuchanganya, na mama hakulalamika, alimwambia jirani tu: "Mwambie mwanangu asihangaike, chumvi nimeazima." Ukakaa ukingoni mwa kitanda ukalia. Mwanaume mzima, mikono ina grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, unalia kwa sababu mama yako ameazima chumvi. Nilikupenda siku ile kwa namna ambayo hata leo inaniudhi.

"Sisahau tena," ulisema. "Nitaiwekea mashine inikumbushe. Hapana, isinikumbushe. Ifanye yenyewe."

Ukafungua programu ya benki kwenye simu, ukaingia kule kwenye malipo ya kujirudia, ukawa unanisomea kila kitu kama mchungaji anayesoma matangazo. Ukaanza na kodi ya chumba. Ukaweka maji. Ukaweka king'amuzi, nikakwambia hicho kiache, ukasema mpira je. Halafu ukaniweka mimi, matumizi ya nyumba. Nilikuwa namnyonyesha Atu. Nikakuuliza, "Kumbe na mimi ni bili?"

"Wewe ndiyo bili kubwa kuliko zote," ukasema, na tukacheka mpaka Atu akaachia ziwa akatutazama.

Mama ulimweka mwisho. Ukaandika namba yake, ukaandika kiasi, programu ikauliza ilipe mpaka lini. Palikuwa na mahali pa kuchagua tarehe ya kukoma. Ukanitazama ukasema kwa utani, "Mama anakoma lini?" Halafu ukajishtukia, ukatema mate pembeni kama bibi yako alivyokufundisha, ukabonyeza pale pa bila mwisho. Ukaitupa simu kitandani ukajinyoosha. "Nimemaliza," ulisema. Na kweli ulikuwa umemaliza. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa.

Kabla ya hapo pesa ya mama ilikuwa na njia yake ya kwenda. Ulikuwa unapiga simu kwanza.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

Hata iwe saa ngapi, umekula? Kisha anakugombeza: umeacha kwenda kanisani, unamchosha mkwe wake, sauti yako ina mafua. Ndipo unamwambia, "Mama, nimetuma. Hii kubwa ni ya mbolea ya viazi. Hii ya dawa ya kifua. Hiyo ndogo nunua sukari." Naye anayarudia maneno yako moja moja, kama mtoto anayetumwa dukani, mbolea, kifua, sukari. Kisha anaomba. Anakuombea wewe, analiombea lori, anaziombea breki za lori, ananiombea mimi na uzazi wangu, mpaka salio linaisha na sala inakatikia njiani bila amina. Wewe unaimalizia: "Amina, mama," kwa simu iliyokwisha kukata.

Kesho yake anashuka kwa wakala, anatoa, ananunua alichoambiwa. Na haipiti wiki, kiroba kinakuja na Noah ya abiria inayotoka Ileje. Viazi, au maharage, au vitunguu vilivyosukwa mkia. Jina lako limeandikwa kwa kalamu ya rangi na mwanafunzi yeyote aliyepita mlangoni kwake. Hakuwahi kupokea akakaa kimya. Mkono uliopewa lazima urudishe, alisema, hata kama ni kiazi.

Na hakuwahi kula kitu ambacho hajaambiwa ni cha nini. Hilo ulilijua. Kwetu Mbozi ni hivyo hivyo, mtoto akiletewa pesa bila maneno anauliza kwanza ni ya nini, la sivyo amekula mzigo wa watu. Mama yako alikuwa wa kizazi cha kuuliza. Wewe ulizaliwa katika nyumba ile, ukanywa uji wa mikono ile, halafu ukamwekea mashine isiyoulizika.

Mwezi wa kwanza ulipiga. Wa pili ulipiga uko barabarani, ukamwambia, "Mama, sasa itakuwa inaingia yenyewe, usihangaike." Akasema, "Yenyewe namna gani?" Ukasema, "Yenyewe tu, mama," simu ikakatika mlimani. Baadaye ikawa hakuna sababu ya kupiga. Kilichokuwa kinakupeleka kwa mama yako ni ile pesa, na pesa ilishajua njia.

Alinipigia mimi. "Mkwe, imekuja. Lakini haijasema kitu."

Nikamjibu, "Mama, si ni yako? Mwanao anakukumbuka."

"Akikumbuka huwa anaongea," alisema.

Halafu ukapata lori la tajiri wa Kitwe, Zambia. Miezi miwili tu, ulisema, nikusanye mtaji tufungue kitu chetu. Ulivuka geti la Nakonde mchana kweupe umetoa mkono dirishani, Atu mgongoni kwangu anapiga kelele "Baba bai," na wabadili fedha wanatucheka. Miezi ikaisha. Simu ikawa nzito, ikawa inaita bila kupokelewa, ikawa haiiti.

Sitasema ulituacha na njaa. Hapo ndipo uliponipatia. Kodi ililipwa. Maji yalitoka. King'amuzi kilionyesha mpira ambao hakuna mtu wa kuutazama. Mwenye nyumba akawa anakusifu uani, "Huyu ndiye mume, hajawahi kunichelewesha." Wenzangu pale uani wana waume wanaolala nyumbani na hawalipi. Wa kwangu halali nyumbani na analipa. Nikienda kulia kwao wananitazama kama mtu anayelalamikia mvua msimu wa kulima. Ulininyima hata haki ya kulalamika.

Nilipika. Wali, maharage, samaki wa kukaanga, kwa madereva wa foleni, mtoto amelala kwenye boksi la sabuni nyuma ya jiko. Kila mwezi ujumbe unaingia, jina lako hilo hapo, na moyo wangu mjinga ulikuwa unaruka kila mara. Unajua inachukua muda gani kuufundisha moyo kwamba yule si mtu? Wangu ni mzito wa kufundishika.

Na kiroba kikaendelea kuja. Wewe hukuwepo, lakini mama yako alipokea, kwa hiyo alirudisha. Nilikuwa nakwenda stendi kupokea viazi vya mwanaume ambaye hayupo. Mpakuzi ananiuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Namwambia yuko safarini. Akaacha kuuliza. Watu wa stendi wana adabu yao.

Kisha Mussa akakuona. Aliingia kibandani kwangu, akaagiza chai, akaikoroga muda mrefu ilhali sukari hajatia.

"Shemeji, yupo."

"Yupo wapi?"

"Kitwe. Mzima wa afya, alhamdulillah. Kanenepa."

"Yuko na mtu?"

"Mi sijui bwana, shemeji, usinitie kwenye mambo. Kuna mama mmoja wa Kibemba ana duka la vipuri. Nilimkuta jamaa anafungua duka."

"Saa ngapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Maduka yanafunguliwa asubuhi, shemeji."

Dereva wa pili pale mezani akaguna, "Anayefungua duka asubuhi hakutoka mbali." Mussa akampiga teke chini ya meza. Nikawamiminia chai wote wawili. Sikulia. Nilikuwa na sufuria jikoni.

Ila nilimtuma Mussa kwako. Si kwa ajili yangu, na hilo alikuambia. Nilimwambia, mwambie mama yake anakohoa, anamhitaji, apige simu hata mara moja. Alikukuta. Akaja na jibu lako, na alivyoona aibu kulisema ilibidi nimshike mkono wa shati. Ulisema: "Si pesa inaingia? Mwambie mama mashine haisahau."

Nikafunga kibanda nikapanda Ibaba na Atu.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, amejifunika shuka mbili, moto umebaki majivu. Amekuwa mdogo. Kikohozi kinamkunja kama mtu anayeokota kitu chini. Nikamwambia, "Mama, mbona hukwenda hospitali? Pesa si zinaingia?"

"Zinaingia, mwanangu. Zote zimo." Akatoa simu kifuani, imefungwa kwenye leso, akanionyesha kama anayeonyesha mtoto aliyelala. "Sijagusa."

Sikuelewa. "Hujagusa vipi?"

"Sijaambiwa ni za nini. Nikizila kwa dawa kumbe ni za mabati? Akija akauliza mabati yangu yako wapi, nitamjibu nini?"

"Mama, ni zako. Za kula. Za matibabu. Mimi nakuambia, tumia."

Akanigusa shavu. "Si wewe uliyetuma. Atapiga. Akipiga nitamuuliza."

Ndivyo ilivyokuwa, Baba Atu. Viazi alivyokuwa anakutumia alivilima matopeni, bila mbolea, kwa pesa ya kuuza kuku. Sukari hakununua. Dawa hakununua. Mwezi baada ya mwezi ulimwaga pesa ndani ya leso ya mwanamke mwaminifu, naye akaketi juu yake na ubaridi wa Ibaba unamla mapafu, anasubiri neno moja. Kifua. Ungesema "kifua" tu.

Nilikodi Noah kwa pesa ya samaki. Tukamshusha hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alinitoa nje mlangoni, akasema, "Dada, mngemleta mapema." Nikamjibu, "Alikuwa anasubiri simu." Akadhani nimechanganyikiwa.

Mama yako amefariki. Sasa umefika.

Alifariki mchana, Atu anacheza na kanga yake miguuni. Hakutaja jina lako mwishoni, kama unataka kujua. Alimuuliza Atu, "Umekula?"

Tulituma habari kwa kila lori lililovuka. Mussa mwenyewe alikwenda mpaka kwenye lile duka, akalikuta limefungwa, wakasema mmekwenda Solwezi kununua mali. Tukakusubiri. Unajua mchanga wa kwanza ni wa mtoto wa kiume, na mama yako hakuwa na mwingine. Kwaya ikaimba nyimbo zote inazozijua, ikaanza kurudia. Ukungu ukaanza kushuka. Wanawake tuliokuwa jikoni tukawa tunapika mara ya pili, na mmoja wa wifi zangu, binamu zako, akanirushia, "Wifi, ni kweli mumeo kaoa benki?" Mwingine akadakia, "Ndiyo maana hazai tena, anazaa riba." Wakacheka huku machozi ya moshi yanawatoka. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?

Ndipo simu ya marehemu ikalia kifuani kwangu. Ujumbe. Jina lako, kiasi kile kile, siku ile ile ya mwezi. Msibani hakuna siri, aliyekaa karibu alishasoma. Habari ikatembea mpaka kwa baba mdogo Ambakisye aliyekuwa anasimamia rambirambi. Mzee akasimama, akavua kofia, akatangaza mbele ya watu wote: "Mtoto wa marehemu ametuma rambirambi. Maana yake amejua. Amejua, ametuma pesa, hakuja. Basi tusimngoje. Tumzike."

Watu wakaguna kwa mguno ambao sijawahi kuusikia. Bibi mmoja akasema waziwazi, "Huyo asikanyage hapa."

Nilisimama. Sikupaswa kusimama, mkwe hasemi mbele ya wazee, lakini nilisimama kukutetea. Nilisema, "Baba, hajui. Hakutuma yeye. Aliiweka kwenye simu zamani, inajilipa yenyewe kila mwezi. Hajui kama mama amefariki."

Baba mdogo akanitazama. "Yenyewe?"

"Yenyewe, baba."

"Kwa hiyo hata ule mwezi alipokuwa anaumwa, ilikuwa yenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Na ile miezi mingine yote?"

Mzee akakaa chini kwenye benchi, polepole, kama mtu aliyeongezewa mzigo. "Mwanangu, ungeniacha niamini amekataa. Mtu aliyekataa nitamfuata, nitamkemea, nitampiga fimbo, atalia, atarudi. Sasa unaniambia hakukataa, hakuwepo tu. Nimkemee nani? Simu?"

Kukutetea kwangu ndiko kulikokumaliza. Ningenyamaza ungekuwa mtoto mkaidi, na ukaidi una msamaha wake. Nilisema kweli, ukawa si mtu.

Mchanga wa kwanza ameutia Atu. Mtoto wa kike, mdogo, alibebwa na baba mdogo mpaka ukingoni, akafunguliwa kiganja. Aliurusha kwa nguvu kama anavyorusha mahindi kwa kuku. Kisha akauliza kwa sauti watu wote wakasikia, "Bibi ataamka saa ngapi?" Nafasi yako imejazwa, Baba Atu. Ilijazwa na kiganja ambacho hakijui kufunga kifungo cha gauni.

Baada ya mazishi wazee walikaa kuhusu zile pesa. Zote zimo, tangu ile ya kwanza uliyosema itaingia yenyewe. Nilidhani watanunua saruji ya kaburi. Walikataa. Baba mdogo alisema, "Yeye hakuzila kwa sababu hakuambiwa ni za nini. Na sisi nani ametuambia?" Wakaniachia simu. "Wewe ndiye unayejua hizi mashine."

Nilikaa na ile simu kiunoni nikipika. Mwezi ukageuka, ujumbe ukaingia. Ukageuka tena, ukaingia. Mama yuko chini, wewe bado unamtunza. Kule Kitwe unalala vizuri, kwa sababu kila mwezi programu inakuonyesha alama ya kijani kwamba imefanikiwa. Nimefikiri sana juu ya hiyo alama yako ya kijani.

Kwa hiyo jana nilikwenda ofisi ya mtandao wa simu na cheti cha kifo. Binti wa dirishani alinihudumia vizuri. Akaniuliza, "Kuna salio, dada. Mrithi wa marehemu ni nani?"

"Mwanaye wa pekee."

"Yupo?"

"Yupo," nilimwambia. "Analipa."

Laini imefungwa. Mwezi huu ukigeuka pesa yako itagonga, haitafunguliwa, itarudi. Kama barua hii haitakuwa imekufikia, basi programu ndiyo itakayokuambia kwamba malipo ya mama hayakufanikiwa. Nataka uwe peke yako ukiisoma. Nataka uwe unafungua duka.

Zilizobaki kwenye laini wamesema hazitoki mpaka mwenyewe aje hapa Tunduma, asimame dirishani, atoe kitambulisho, aandike kwa mkono wake kwamba mama yake amekufa, na asaini. Usimtume Mussa, hawatampa. Cheti kiko kwangu, utanikuta jikoni kwa madereva. Nitakupa bila kelele, na nikiwa na chakula nitakupakulia.

Yangu na Atu sijaifunga. Sitajifanya shujaa kwa tumbo la mtoto. Inaingia, naitoa siku hiyo hiyo, nanunua unga na madaftari. Ila nimebadilisha jina lako kwenye simu yangu, lisije likauchezea moyo tena. Ukituma, nasoma: Kodi na Unga. Atu akiuliza nani katuma, namwambia ukweli, hajatuma mtu.

Nilikupenda ulipokuwa unasahau. Mtu anayesahau hulia, huomba radhi, hupiga simu kwa sauti ya aibu na mama yake humuuliza kama amekula. Ungebaki hivyo, mzembe wa watu, tungeendelea kuazima chumvi na mama angekuwa hai.

Vuka ukitaka. Geti liko wazi tangu asubuhi mpaka jioni. Kaburi lake liko juu ya shamba la viazi, upande wa nyuma ya nyumba, bado ni udongo mtupu. Ukifika usimwekee kitu. Kaa chini umwambie zilikuwa za nini.

Sina la ziada, uji unafurika.

Ni mimi, mkwe wa marehemu mama yako,
Mama Atu